Kibao cha Shikamoo

Mimi nimezaliwa Korogwe, na kwetu mtoto haombi chai asubuhi kabla hajaamkia. Unapita kwa mama, unapita kwa bibi, unapita kwa jirani anayefagia uwanja, kote ni shikamoo, shikamoo, mpaka unafika shuleni ulimi umechoka. Niliona ni kero tupu. Nani angeniambia kwamba nitafikia umri wa kutafuta mtu wa kumwamkia nimkose?

Nilipohamia Maryland ndipo nilipojua. Jirani yangu hapa Hyattsville ni Mkenya wa bara, muuguzi, mwanamke mwenye moyo mzuri na mdomo usio na breki. Yeye salamu yake ni "Sasa?" Mama yake alipokuja kumtembelea nilimpa shikamoo ya heshima zote, akanitazama, akafikiri, akaniitikia, "Bwana asifiwe." Wakongo wa ghorofa ya chini wanakupa "Jambo, mama," na mkono wa nguvu, basi, yamekwisha. Watanzania wenzangu wapo, lakini wengi ni rika langu, na ukimwamkia mwanamke wa rika lako umejitafutia ugomvi wa mwaka mzima. Wanangu ndio usiseme. "Hi, Ma." Nikiwakazia macho na kuuliza shikamoo iko wapi, wanaitoa kwa kuiburuta, macho kwenye simu.

Kwa hiyo shikamoo yangu ilibaki moja tu, ya Jumapili, kwa simu. Mama alikuwa akiitikia, "Marahaba mwanangu, hujambo? Umekula?" Kisha mama akafariki. Mambo yangu ya uhamiaji yalikuwa hayajakaa sawa, ningetoka nisingerudi, kwa hiyo nilimzika kwa kutazama kwenye simu, picha ikikatikakatika, sauti ya shehe ikija na kupotea. Jumapili iliyofuata nilichukua simu saa ile ile ya siku zote, nikakaa nayo mapajani. Sikuwa na wa kumpigia.

Hiyo ndiyo hali niliyokuwa nayo nilipoanza kazi maktaba. Zamani nilitunza wazee majumbani mwao, nikawageuza na kuwaogesha mpaka mgongo ukakataa. Maktaba ilikuwa afadhali. Kazi yangu ilikuwa kupokea vitabu vinavyorudishwa na kuvirudisha rafuni, na nikikaa mbele, kuwaelekeza watu choo kilipo.

Huko ndiko nilikokutana na mama mmoja wa Temple Hills, mji wa karibu. Alikuwa mkutubi mstaafu, Mmarekani mweusi, mrefu, mnyoofu, anayejiendeshea gari lake mwenyewe na asiyekubali kubebewa boksi. Sote alituita "baby", hata meneja, ambaye alikuwa na ndevu. Meneja alimwomba aje kuandaa maonyesho ya historia na utamaduni wa watu wake kwa ajili ya Februari, ambao huku ni mwezi wa kukumbuka historia ya watu weusi. Miaka iliyopita maonyesho yalikuwa picha za watu mashuhuri zilizobandikwa ukutani na kubanduliwa mwezi ukiisha. Yeye alikataa.

"Hao wana barabara zenye majina yao," alisema. "Mimi nataka waliopiga pasi."

Na kweli, alizunguka makanisani na majumbani kwa marafiki zake akikusanya vitu ambavyo mwingine angevitupa. Alileta kofia za kanisani zenye manyoya na maua, na pepeo za karatasi walizojipepea nazo waumini wakati wa mahubiri. Alileta machanuo ya chuma ya kunyooshea nywele, ambayo hupashwa moto jikoni, na mablanketi yaliyoshonwa kwa vipande vya nguo kuukuu. Vingine wenyewe walivileta maktaba, wazee kama yeye, na kila mmoja alikaa kwanza, akasimulia, akanywa kahawa, ndipo akaachia mfuko. Mimi nilipewa kazi ya kufuta vumbi na kuandika maelezo ya Kiswahili, maana mtaa wetu umejaa watu wa kwetu na meneja alitaka waone kwamba nao wamekumbukwa.

Asubuhi moja yule mama aliingia kwa mlango wa nyuma na boksi mkononi, mimi nimebeba vitabu, tukakutana uso kwa uso. Neno likanitoka lenyewe.

"Shikamoo, mama."

"Umesemaje?"

Niliona haya. Nikamweleza kwamba ni salamu yetu, mdogo anampa mkubwa, si ya kumpa kila mtu, mpaka mtu awe amekula chumvi.

"Na mkubwa anajibu nini?"

"Marahaba."

Aliijaribu pale pale, akaikosea, akaijaribu tena. Kesho yake nilipomwamkia aliitikia sawasawa, kwa sauti nzito, na akatabasamu mtu mzima kama mtoto aliyepata alama zote. Nikageukia kwenye rafu za watoto nikalia kidogo. Sikutaka anione, lakini nililia kwa raha. Tangu siku hiyo kila alipokuja nilimwamkia, naye akaniitikia, na mara nyingine akaongeza lake: "Umekula, baby?" Mimi sikumfundisha hilo. Lilikuwa lake.

Siku tuliyofungua boksi la picha ndipo aliponionyesha bibi yake. Ilikuwa picha kubwa, mwanamke amekaa kwenye kiti, kofia kichwani, mikono mapajani, na mikono yenyewe ilikuwa mikubwa kuliko ya mwanaume. Bibi huyo alifua na kupiga pasi nguo za watu weupe wa Washington maisha yake yote. Yule mama, alipokuwa mtoto, alikuwa akifuatana naye kubeba kapu.

"Kulikuwa na nyumba moja," aliniambia, "ina msichana mdogo, umri wangu. Bibi yangu ilimpasa amwite yule mtoto 'Miss'. Na yule mtoto alimwita bibi yangu kwa jina lake la kwanza. Mama wa yule mtoto naye hivyo hivyo. Hakuna aliyewahi kumwita 'Mrs', mbele yangu, nje ya kanisa. Siku moja nilimuuliza yule mama mwenye nyumba kwa nini. Nilikuwa mdogo, sikujua. Akacheka. Akasema, 'Ni neno tu, mtoto.' Bibi alinibana mkono njia nzima."

Alipomaliza aliniambia anachotaka. Alitaka picha ya bibi yake iwe ya kwanza mlangoni, na juu yake kibao chenye neno moja kubwa, SHIKAMOO, na chini yake maelezo kwamba hivi ndivyo mtoto aliyelelewa vizuri anavyomsalimu mkubwa. Kila atakayeingia, awe meya awe mwizi, aanze kwa kumwamkia bibi yake. Mimi nikajitia ualimu. Nikamwambia picha ni nyingi, na wakiwa wengi tunasema shikamooni.

"Hapana," alisema. "Hao wengine watasubiri zamu yao. Hii ni ya bibi yangu."

Sijui kama nimewahi kufurahia kazi yoyote kama nilivyofurahia kile kibao. Nilichagua herufi, nikachagua rangi, nikamsumbua kijana wa kuchapa mpaka akanikimbia. Nilijiona kwamba hatimaye nimeleta kitu nchi hii, si kuja kuchukua tu. Mama yangu alikufa bila mimi kumwosha, lakini neno lake litakaa mlangoni Marekani juu ya kichwa cha mwanamke aliyenyimwa heshima. Nilikuwa na kiburi. Siombi radhi kwa hilo.

Siku mbili tatu kabla ya ufunguzi, jirani yangu muuguzi, akiwa na off, alikuja kutusaidia kupiga pasi vitambaa vya meza. Kibao kilikuwa kimeshatundikwa. Aliinua macho, akakisoma, akaangua kicheko mpaka akaiweka pasi chini.

"Ai! Hiyo ndiyo mmeweka kwa mlango? Nyinyi Watanzania, aki! Si hiyo ndiyo watumwa walikuwa wanaambia mabwana zao? Ati nashika miguu yako! Tulifunzwa hiyo shule."

Yule mama alikuwa kwenye kiti anapanga kofia. Akauliza kinachochekesha ni nini, ili naye acheke. Na jirani yangu, kwa moyo mweupe kabisa, akamtafsiria. Alidhani anamwongezea elimu.

Kofia iliyokuwa mkononi mwa yule mama ilibaki hapo hapo. Akanigeukia mimi.

"Ni kweli?"

"Wanasema hivyo," nilijibu.

"Wakina nani?"

"Watu. Walimu. Ni zamani sana, mama, hakuna anayefikiria hivyo sasa."

Ilikuwa kweli. Hata mimi niliwahi kuisikia, darasani, siku ya joto, kati ya mambo mengine ya kukariri, nikaisahau hata kabla ya kengele. Nani anasimama mbele ya mama yake asubuhi akafikiria miguu? Lakini Kiingereza changu ni cha kazini. Kinajua kuuliza "unahitaji msaada?" na "tarehe ya kurudisha ni lini?" Kwa jambo kama lile kilikuwa kimekauka. Nilimtazama jirani yangu kwa hasira, nikatafuta la kusema, nikaokota lililokuwa karibu.

"Ni neno tu," nikamwambia yule mama.

Lilipokwisha kutoka ndipo nikasikia nilichosema. Maji yakimwagika hayazoleki.

Hakunikaripia. Afadhali angenikaripia. Aliiweka kofia mezani taratibu, akasema, "Kila asubuhi umekuwa ukiniambia hivyo."

"Si kwa maana hiyo."

"Na mimi nikikuitikia. Nasimama pale na koti langu zuri, wewe umebeba mizigo, nakuitikia. Nafurahia." Alijitazama viatu. "Kwa hiyo mimi ndiye nimekuwa yule mama mwenye nyumba."

Nilimwambia hapana, nilimwambia mara nyingi, na kila hapana ilikuwa nyembamba kuliko iliyotangulia. Alivuta ngazi ndogo, akaniomba niishike, akapanda mwenyewe. Alikichomoa kibao, akashuka, akakiegemeza ukutani maandishi yakiwa yanaangalia ukuta. Jirani yangu alikuwa ameshaanza kulia. "Sorry, mum, sikujua," alikuwa akisema, akinishika bega, nami nilijitoa.

"Wewe binti una mama?" yule mama aliniuliza.

"Amefariki."

"Pole, baby. Ningemwambia hivi hata yeye. Sitaki mtoto wa mtu awe miguuni pangu. Usiniambie tena hilo neno."

Aliniambia kwa upendo. Hapo ndipo shida ilipo mpaka leo, kwamba alinipenda alipokuwa akininyang'anya. Asubuhi iliyofuata nilimwambia "Good morning, ma'am," naye akasema "Good morning, baby," tukapishana kati ya rafu, na siku ikaanza bila kuanza.

Ufunguzi ulijaa. Walikuja wazee wa makanisa yake na kofia zao, walikuja Wakenya na chapati, walikuja Wakongo wamevaa vitenge vya kushona, na jirani yangu, kwa majuto, alileta chai ya maziwa ya kutosha kunywesha kata nzima. Pale mlangoni picha ya bibi ilikuwa peke yake, na chini yake kijibao kidogo: "Mrs", na jina la mumewe. Yule mama alisimama kando ya picha, amevaa glavu nyeupe. Hakukaribisha watu kwenye maonyesho. Aliwatambulisha kwa bibi yake.

Alikuwa akimshika mtu mkono, akimgeuza kwenye picha, na kusema, "Nataka ukutane na Mrs fulani." Na watu wake walielewa bila kuambiwa. Wazee walivua kofia. "Habari yako, ma'am," mmoja alisema kwa ile picha, kwa Kiingereza chao cha taratibu, na akainamisha kichwa. Mwingine akasema, "Nimefurahi kukufahamu, Mrs." Mwanamke mmoja mnene alianza kulia hata kabla hajafika. Meneja wetu naye alisema "ma'am", na ndevu zake zilitetemeka. Heshima aliyoitaka yule mama ilikuja yote, ilijaa mlango, na hapakuwa na neno langu hata moja ndani yake. Nilifurahi kwa ajili ya yule bibi. Kwa ajili yangu niliumia, na nitasema kweli, nilimwonea wivu mtu wa kwenye picha.

Zamu yangu ikafika. Yule mama alinishika mkono kama alivyowashika wengine. "Nataka ukutane na Mrs fulani," aliniambia, kana kwamba sijawahi kumfuta vumbi mwezi mzima.

Nilijiandaa kusema kama wengine. Maneno nilikuwa nayo. Lakini kwetu binti akimwamkia mkubwa hukunja goti kidogo, na hicho si kitu unachokiamua, mwili ulikwisha kufundishwa kabla ya akili. Nilipoitazama ile mikono mikubwa mapajani, goti langu likakunjika. Mdomo ulikuwa umefungwa, neno sikulisema. Ni goti tu.

Yule mama alinidaka kiwiko. Alikuwa na nguvu kwa umri wake. Aliniinua mpaka nikanyooka, mbele ya watu wote, na akaninong'oneza, "Simama wima, baby. Simama wima." Watu nyuma yetu walidhani nimeteleza. Mtu mmoja akauliza kama niko sawa. Nikasema niko sawa, nikamwambia ile picha "How do you do, ma'am," nikapita ndani kumimina chai.

Wiki nzima iliyofuata nilikuwa nikimjibu kichwani. Majuto ni mjukuu, huja kinyume, na majibu mazuri nayo hivyo hivyo. Nikiosha vyombo nilimweleza kwamba kama neno lile lilizaliwa mahali pabaya, watoto walilichukua wakawapa bibi zao, wakalifua, wakalianika juani vizazi na vizazi, na mabwana hawamo tena ndani yake. Nilimweleza kwamba mama yangu alipoitikia aliniwekea mkono kichwani. Nilimweleza vizuri sana, kwa Kiswahili, kwa sufuria. Na katikati ya hayo nikakumbuka methali aliyopenda mama nilipokuwa na umri wa ubishi na kuamkia kwa kununa: heshima si utumwa. Niliacha maji yakitiririka. Jibu lote lilikuwa hapo, maneno matatu, na siku nilipolihitaji sikuliona.

Nilimngoja. Mwezi ulipoisha alikuja kukusanya vitu na kuvirudisha kwa wenyewe. Nilimsaidia kubeba mpaka kwenye maegesho, na kwa mara ya kwanza alikubali kubebewa. Alikuwa amechoka. Aliniambia binti yake wa Georgia anataka ahamie kwake, na kwamba safari hii huenda akakubali, maana ngazi za nyumba ya Temple Hills zimeanza kumshinda. Picha ya bibi yake aliilaza kiti cha nyuma, akaifunga mkanda.

"Kuna jambo nilitaka kukwambia," nilisema. Nilikuwa nimefanya mazoezi ya kulisema kwa Kiingereza. "Kwetu wazee wanasema heshima si utumwa."

Alikuwa ameshika mlango wa gari. Aliirudia polepole, akiionja. Nikaona imemwingia, moyo ukanipanda.

"Ni maneno mazuri," alisema. Kisha akafikiri tena. "Nani aliyeyasema kwanza? Aliyeshika miguu, au aliyeshikwa?"

Nilitaka kusema ni mama yangu, lakini mama aliyasikia kwa mama yake, na huyo aliyasikia kwa mwingine, na huko nyuma kabisa simjui mtu wala sijui alikuwa amesimama wapi.

"Sijui," nikamwambia.

"Mimi pia sijui, baby." Hakusema kwa kunishinda. Alinigusa shavu, akaingia garini, akashusha kioo, akaweka mikono miwili kwenye usukani kama wanavyofanya madereva wa umri wake. Alingoja kidogo, sijui alingoja nini. Ningeweza kumwamkia pale. Mikono ilikuwa mbali, asingeweza kuniinua.

Nilimwambia aendeshe salama. Alikwenda Georgia kabla ya joto kuanza, na sikumwamkia.